Poleni kwa Mashine Hii

Kiwandani mjomba wangu aliitwa Rula, na jina hilo hakulichukia hata siku moja. Alikuwa fundi wa mashine ya kupiga mistari kwenye madaftari ya shule, na katika mfuko wa ovaroli, pale pajani, alitembea na rula ya chuma. Kila baada ya nusu saa alivuta karatasi moja kutoka mashineni, akaipima juu, akaipima chini, kisha akaitikia kwa kichwa kama aliyeombwa ruhusa. Nyumbani mambo yalikuwa yale yale. Pazia likikaa upande alilinyoosha, na mtoto akikaa upande alimnyoosha vilevile. Sisi wapwa zake tulikua tukijua kwamba duniani kuna watu wa aina mbili: wanyoofu, ambao mfano wao ni Mjomba, na wapindaji, ambao mfano wao ni Karani.

Karani sikuwahi kumwona. Nilijua tu kwamba ndiye aliyekuwa akiandika barua za kiwanda kwa lugha ya kigeni, na kwamba yeye na Mjomba waliajiriwa mwezi mmoja, wakapanga vyumba viwili vinavyotenganishwa na ukuta mmoja, wakala chungu kimoja kabla hawajaoa. Kisha kiwanda kikawatuma ng'ambo pamoja kwa siku tisa. Waliondoka wameshikana mikono, wakarudi hawasalimiani. Kwa maelezo ya Mjomba, na maelezo mengine hatukuwa nayo, Karani alinunuliwa na wenyeji wao kwa skafu moja. "Kikulacho ki nguoni mwako," alikuwa akisema, na hapo mama yangu alijua ni wakati wa kuleta chai.

Miaka ishirini na sita ikapita. Mwaka huu kiwanda kimetimiza miaka hamsini, na vijana wa ofisini wakaamua kuchapa kitabu cha kumbukumbu za wastaafu. Mjomba alikivalia njuga kitabu hicho. Jumatatu moja asubuhi akaja ofisini kwangu na bahasha kubwa ya kaki, akakaa kwenye kiti cha wateja, akanyoosha kalenda yangu ya ukutani, ndipo akaitikia shikamoo yangu.

Mimi ni mfasiri wa hati. Watu huniletea vyeti vya kuzaliwa, vya shule, vya ndoa na vya talaka, nami huvigeuza lugha na kuvipiga mhuri. Nimekula kiapo mbele ya hakimu kwamba sitaongeza wala sitapunguza. Ndicho kilichomleta Mjomba.

"Ni daftari langu la safari ile," alisema. "Nataka ulichape lote. Na huku nyuma nimebandika kumbukumbu za kikao, zimeandikwa kwa lugha yao. Hizo uzitafsiri. Watu wasome wenyewe nani aliuza kiwanda."

"Wewe hujawahi kujua zinasema nini?"

"Mkurugenzi alituambia. Humo ndani tumekiri kosa. Mimi sikukiri chochote, kwa hiyo hesabu ni rahisi."

"Karani bado yuko hai, Mjomba?"

"Yuko. Ndiyo maana nataka lichapwe sasa."

Nilifungua daftari na jambo la kwanza nililoliona ni mistari. Ilianza vizuri kwenye pambizo, kisha ikapanda taratibu kuelekea kulia, mpaka mwisho wa ukurasa ilikuwa imepanda kwa upana wa kidole. Hiyo ndiyo iliyokuwa sababu ya safari. Mashine mpya ilikuja na rola mbovu, madaftari yakatoka yanapanda kilima, na barua za malalamiko zikajibiwa kwa kalenda za zawadi. Basi Mkurugenzi akamtuma fundi aende akawaonyeshe na karani aende akamsemee. Walitakiwa kurudi na rola mpya pamoja na karatasi ya watengenezaji kukubali kwamba kosa ni lao. Hawakurudi na hata kimojawapo. Watoto waliokuwa darasa la tatu mwaka ule wote wanaandika kwa kupanda mpaka leo, na mimi ni mmoja wao.

Niliyatarajia malalamiko tangu ukurasa wa kwanza. Kumbe nilikutana na kijana wa miaka thelathini na mbili ambaye sikuwa namjua. "Siku ya kwanza," aliandika. "Mlango wa hoteli umefunguka wenyewe. Nilisimama kumpisha aliyeufungua atoke kwanza. Hakutoka mtu. Karani amecheka mpaka amekaa juu ya begi." Chini yake: "Chumba changu kina vitanda viwili. Nimelala kimoja. Cha pili nimekitandika upya asubuhi, wasije wakasema tumevuruga vyote." Nilimtazama Mjomba juu ya miwani. Alikuwa anaangalia dirishani, uso umejaa haki.

Nikaendelea. "Siku ya pili. Tumefika kiwandani kwao. Mkuu wao, Mwenyeji wetu, ana kikohozi kibaya. Nimempa pole. Karani amemtafsiria. Mwenyeji akanitazama kwa mshangao mkubwa. Nadhani huku hakuna anayewajali."

"Siku ya tatu. Nimepita kwa wafanyakazi wao mmoja mmoja nikawapa pole ya kazi, wote kumi na saba. Karani kanifuata nyuma anatafsiri. Mama anayebeba chai nimempa pole ya ngazi. Mvua imewanyeshea watu wa mauzo, nimewapa pole. Mwenyeji amesema mama yake alifariki mwaka jana, nimempa pole mara mbili, moja yangu na moja ya kiwanda. Kila nikisema, kijana mmoja pale pembeni anaandika. Adabu yetu imeanza kuonekana."

Hapo nilianza kushuku, kama ninavyoshuku mteja akinipa cheti ambacho tarehe zake hazikubaliani. Nikafungua ukurasa wa siku ya nne.

"Leo wametuonyesha yule mhandisi aliyeibuni mashine yetu. Ni mzee. Ilimchukua miaka mitatu, na mashine ya kwanza ya majaribio ilimkata ncha ya kidole. Alinionyesha kidole chenyewe. Nikasimama, nikaweka mkono kifuani, nikamwambia kwa moyo wangu wote: poleni sana kwa mashine hii. Karani ametafsiri. Chumba kizima kimenyamaza. Mwenyeji ameandika kwa mkono wake mwenyewe. Naona nimewagusa."

Nilicheka. Si kicheko cha kujivunia, kwa sababu mbele yangu alikaa mzee wa miaka hamsini na nane aliyekuja kutafuta haki yake, lakini kilinitoka kabla sijakizuia. Nikageuza haraka kwenye kumbukumbu za kikao, zile karatasi mbili zilizobandikwa nyuma kwa gundi ya kiwanda, nikazisoma kimya. Zilikuwa zimeandikwa vizuri sana. Upande wa wageni, zilisema, uliomba radhi kwa Mkuu, kwa idara ya mauzo, kwa mhudumu wa chai na kwa kila mfanyakazi wa karakana. Siku ya nne fundi wa wageni, akiwa amesimama na kuweka mkono moyoni, aliomba radhi sana kuhusu mashine yenyewe. Kwa hiyo watengenezaji wanachukulia kwamba suala la nani mwenye kosa limekwisha, na wanawapongeza wageni kwa uungwana wao.

"Mjomba," nilisema, "neno pole ni gumu."

"Gumu wapi? Mtoto wa miaka miwili analijua."

"Kwetu. Kule hawana. Wana neno moja tu linalokaribia, na hilo ndilo wanalotumia mtu akikukanyaga mguu akataka kukuomba msamaha. Ukimwambia mwenye kikohozi hilo neno, atashangaa kwani wewe ndiye uliyemkohoza? Ukiwaambia watengenezaji pole kwa mashine…"

Sikumaliza. Mjomba ni fundi, na fundi ukimwonyesha wapi mkanda umeruka, mashine nzima anaiona mwenyewe. Alichukua daftari mikononi mwangu, akasoma siku ya pili, akasoma ya tatu. Alipofika ya nne aliweka kidole juu ya mstari ule unaopanda, na kidole kikapanda nao.

"Mimi," alisema.

"Wewe, Mjomba. Heri kujikwaa kidole."

"Lakini Karani alikubali. Nilikuwepo. Mkurugenzi aliuliza, maneno haya ya kuomba radhi yametoka kinywani mwa nani? Karani akasema, kinywani mwangu."

"Si ndivyo ilivyokuwa? Wewe uliyasema kwa Kiswahili."

Alilirudisha daftari mezani kwangu. Kisha akasema, kwa sauti ndogo, kwamba basi kitabu hicho si lazima, vijana wenyewe hawasomi. Akanyoosha mkono kuchukua bahasha. Mimi nilikuwa nimeshageuza kurasa mbele, si kwa ushupavu, ni mazoea ya kazi: hati haiachwi katikati.

Siku ya tano alikuwa ameandika kwamba baridi imemshika kifua na amemlalamikia Karani. Siku ya sita: "Karani kaja na skafu ya sufu. Kapewa na Mwenyeji. Nilipomuuliza ya nini, akasema chukua, nimekuombea wewe. Nimekataa. Rushwa siifungi shingoni."

"Alisema amekuombea wewe," nilimwambia.

"Alisema hivyo."

"Na ukaandika mwenyewe."

"Niliandika kila kitu. Mimi si mtu wa kuficha." Aliposema hivyo alikuwa ameanza kulivuta daftari upande wake, polepole, kama mtu anayevuta shuka bila kumwamsha mwenziwe. Nikashikilia. Ukurasa wa mwisho ulikuwa na mistari minne tu.

"Tumerudi. Karani amekubali mbele ya Mkurugenzi. Baada ya chakula cha mchana nimerudi ofisini peke yangu, nikamweleza Mkurugenzi habari ya skafu. Sikusema ile sehemu ya kuniombea, haikuwa na maana. Amenisikiliza vizuri. Nimetoka nikiwa mwepesi."

Jumatatu iliyofuata Karani aliondolewa ofisini akapelekwa ghalani kuhesabu mabunda ya karatasi, na huko alikaa miaka kumi na tisa mpaka alipostaafu. Hilo nilikuwa nalijua siku zote, lilikuwa sehemu ya hadithi, tena sehemu ambayo Mjomba aliisimulia akijipigapiga goti. Mwaka uliofuata yeye alipandishwa kuwa fundi mkuu. Wenye jicho kali ndio hao hao, nyani haoni kundule.

"Ukurasa huo uuruke," alisema.

"Mimi siruki kurasa, Mjomba. Nimeapa."

"Uliapa kwa hakimu. Mimi ni mjomba wako."

"Basi usiniletee mimi. Mpelekee anayeruka."

Nilimkasirikia, sitaficha. Nililelewa kwa rula ya mtu huyu. Nilipopata nafasi ya pili darasa la saba alinikalisha akaniuliza nilipinda wapi. Mjomba aliondoka na daftari lake bila kuaga, na mlangoni akalinyoosha zulia la kufutia miguu kwa ncha ya kiatu.

Kwa siku tano hakupiga simu. Mama aliniambia kaka yake hali chakula vizuri na hataki kuulizwa. Jumamosi asubuhi nikamkuta kwenye kibaraza changu, amevaa shati lililopigwa pasi mpaka mikono inasimama, bahasha iko kwapani.

"Twende kwa Karani," alisema. "Utanisaidia kutafsiri."

"Nyinyi lugha yenu ni moja."

"Ndiyo hiyo inayonishinda."

Karani alikaa mtaa wa nne kutoka kwa Mjomba, mwendo wa dakika kumi na mbili, na kwa miaka yote hiyo Mjomba alikuwa akizunguka kwa barabara ya juu ili asipite pale. Mlango ulifunguliwa na mke wake, mama mrefu mwenye kitambaa cha jikoni begani. Alimtazama Mjomba, akanitazama mimi, akasema, "Karibu, mwanangu," na wingi wa karibuni akaubakiza. Uani palipangwa vitu kama ghala: majembe yametundikwa kwa ukubwa, madumu yana namba, hata mafagio mawili yalikuwa na namba. Karani mwenyewe, mtu mdogo mwenye miwani minene, alikuwa akisoma gazeti kwa kalamu mkononi, akisahihisha.

"Umezeeka, Rula," alisema.

"Na wewe."

"Mimi nilianza mapema. Kaeni."

Tukakaa. Mjomba akatoa daftari, akaliweka mezani, akasema amelisoma na kwamba kumbe lile kosa lilitokana na pole zake. Karani akainua kalamu kumzuia.

"Hapana. Hilo ni langu, na nina miaka nasubiri kulisema. Nilikuwa na kamusi moja, ndogo, ya mfukoni. Nikatafuta pole, nikapata neno, nikalimwaga kila mahali. Siku ya nne, wewe umesimama na mkono kifuani, nikaona nyuso zao, nikajua. Ningeweza kuwaambia palepale: jamani, kwetu mtu aliyejikwaa kwenye jiwe lake mwenyewe tunampa pole. Nikaona haya. Mkalimani gani hajui salamu ya kwao? Nikanyamaza. Mkurugenzi aliponipeleka ghalani, nikasema ni halali yangu. Nilikuja kwako mara mbili kukuomba msamaha. Mtoto akaniambia baba amelala."

"Nilikuwa macho," Mjomba alisema.

"Najua. Ilikuwa saa kumi jioni, na redio ilikuwa inaimba."

Karani akacheka kidogo, na hapo ndipo nilipoogopa. Kwa sababu nilimwona Mjomba akishusha mabega. Alikuwa amepewa mlango uliofunguliwa wazi. Kosa limechukuliwa, tena na mwenyewe, tena kwa kicheko. Angeweza kusema yameisha, tukanywa chai, tukarudi nyumbani yeye akiwa mnyoofu kuliko jana. Na nikiri, nusu ya moyo wangu ilitaka afanye hivyo hivyo, kwa sababu nampenda, na sikutaka kumwona akipinda mbele ya watu.

Mjomba akafungua daftari ukurasa wa mwisho, akaligeuzia upande wa Karani.

"Hukupelekwa ghalani kwa sababu ya neno," alisema. "Soma hapo."

Karani alisogeza miwani, akasoma. Ni mistari minne tu, lakini aliisoma kwa muda ambao mimi humaliza nao cheti kizima. Kalamu ilikuwa mkononi bado, na niliiona ikiteremka mpaka ikagusa karatasi, ikabaki hapo.

"Ile skafu," alisema.

"Ile."

"Ulipokuwa unakohoa."

"Ndiyo."

"Rula, mimi kila jioni ya ghala, watu wakishaondoka, nilikuwa nabaki kusoma. Miaka kumi na tisa. Nimenunua kamusi saba. Nimeandika madaftari mawili ya njia za kusema pole katika lugha ile, kwa mgonjwa, kwa mfiwa, kwa aliyechoka, kila moja na mfano wake. Nilidhani ujinga wangu ndio uliotuweka pale. Nilidhani nikijifunza…" Akaifunika kalamu, akaiweka juu ya gazeti.

"Pole," Mjomba alisema. Lilimtoka lenyewe, kama linavyotutoka sote.

"Hilo tumeshalisikia," alisema mke wa Karani. Alikuwa amesimama mlangoni, na sikujua tangu saa ngapi.

Mjomba akasimama. Hakuweka mkono kifuani safari hii, hakujua aiweke wapi mikono, ikabaki inaning'inia. "Nilikusingizia," alisema. "Nilijua skafu umeniombea mimi, nikaificha hiyo sehemu, na nikapewa cheo. Nisamehe."

Mke wa Karani akaja na kikombe kimoja cha chai akakiweka mbele yangu, akarudi ndani. Sikuthubutu kukigusa, na sikuthubutu kutokukigusa.

"Leo siwezi," Karani alisema mwishowe. Alisema kwa upole, kama anayemweleza mteja kwamba karatasi hiyo haipo ghalani. "Nikikwambia nimekusamehe nitakuwa natafsiri tu. Njoo Jumamosi ijayo."

"Na Jumamosi ijayo ukiwa bado huwezi?"

"Utakuja nyingine. Una kazi gani? Umestaafu."

Nililichapa daftari lote, bila kuruka, Mjomba akalipeleka kiwandani yeye mwenyewe kwa mkono wake. Vijana wa ofisini walilifurahia sana. Wakachapa picha iliyokuwa ndani ya bahasha, ya Mjomba na Karani mbele ya ule mlango wa hoteli, na chini yake wakaandika: "Wazee wetu walipokwenda kutuchagulia mashine bora." Maandishi ya daftari hayakuingia, nafasi ilikuwa ndogo.

Jumamosi zimekuwa kumi na moja sasa. Mjomba hupita barabara ya chini, anakaa uani kwa Karani tangu asubuhi mpaka jua linapokuwa kali, na nasikia wamefikia kubishana kuhusu namba za mafagio. Kuanzia Jumamosi ya sita amekuwa akipewa chai. Juzi nilimkuta mlangoni anafunga kamba za viatu, nikamuuliza kama ameshasamehewa.

"Bado," alisema, "na wewe usimharakishe."